Kuwapeleka Watoto na Bibi Yao Kumwona Ramses: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tulipokwenda Paris mwaka 2023 kuona maonyesho ya Ramses wa Pili, mfalme wa Misri ya kale, na dhahabu ya mafarao, simu yangu haipumui. Kila maonyesho ya Misri ya kale yanapotua kwenye mji fulani wa Ulaya, ndugu na marafiki wananiuliza yale yale. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 6 na 11, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Huyo bibi yao ndiye aliyefaidi kuliko sote, kwa hiyo nitamtaja mara nyingi.

Haya maonyesho yanayozunguka ni ya nani?

Vitu ni mali ya nchi ya Misri, na vinarudi Misri. Serikali yao huviazimisha kwa mkataba, vinafungwa kwenye makasha, vinapanda ndege, vinakaa mji mmoja miezi kadhaa, kisha vinahamia mwingine. Ziara ya Ramses ilianzia Houston, Marekani, mwishoni mwa 2021, ikaenda San Francisco, ikavuka kuja Paris, ikafika Sydney, ikarudi Ulaya kwenye mji wa Köln, na mwaka 2025 ilikuwa Tokyo. Ni vitu kama 180 hivi.

Orodha ya vitu si lazima ifanane mji kwa mji. Jeneza la Ramses mwenyewe lilionekana Paris na Sydney, lakini Wamarekani hawakuliona. Kwa hiyo usikate tiketi kwa kusikia shangazi aliona nini mwaka juzi. Soma tangazo la mji wako.

Nitajuaje kama nitaona vitu vya kweli au vya kuigiza?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa. Sisi tuliumia. Miaka ya nyuma, kwenye mji mmoja ambao sitautaja, tulilipa tiketi nne kwa picha ya kinyago cha dhahabu iliyobandikwa kila kituo cha basi. Tulipoingia, mkubwa wangu akasoma kibao akaniuliza, "Mama, mbona hiki kimetengenezwa juzi?"

Kuna aina tatu, na zote hutangazwa kwa dhahabu ile ile na herufi kubwa zile zile. Aina ya kwanza ni vitu halisi vilivyoazimwa. Ya pili ni nakala zilizotengenezwa na mafundi wa leo. Ya tatu haina kitu cha kushika wala cha kuzunguka, ni picha kubwa zinazotembea ukutani na sakafuni pamoja na muziki.

Kutofautisha si kazi kubwa. Tangazo la vitu halisi litasema vimetoka makumbusho gani. Ukishaingia ndani, kibao cha kitu halisi kwa kawaida kinataja mahali kilipochimbuliwa, kimetengenezwa kwa malighafi gani, makumbusho iliyokiazimisha, na mara nyingi namba yake ya orodha huko. Kama tangazo zima linaongelea "safari ya hisia" na halitaji makumbusho hata moja, hiyo ni aina ya tatu.

Sisemi nakala ni upuuzi. Kuna maonyesho ya nakala yanayopanga chumba cha kaburi la Tutankhamun, farao aliyekufa kijana, kama mchimbuzi Mwingereza Howard Carter alivyokikuta Novemba 1922, vitu vimerundikana mpaka dari kama stoo ya mtu aliyehama usiku. Mtoto anaelewa haraka kuliko kwa kuangalia vitu vimetengwa kimoja kimoja nyuma ya vioo. Shida ni pale unapolipia halisi ukapewa nakala.

Kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun kitakuwepo?

Hapana. Kiko Misri, kwenye makumbusho mapya makubwa jirani na piramidi za Giza, yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025. Huko hazina yote ya kaburi lake, zaidi ya vitu 5,000, imewekwa pamoja.

Zamani kilikuwa kinasafiri. Mwaka 1972 kilikuja London, na zaidi ya watu milioni 1.6 walipanga foleni kuzunguka jumba la British Museum. Kikaenda Marekani, kikapita na Ujerumani. Huko Ujerumani sanamu ya mungu mke Serket, yule mwenye nge kichwani, ikapata madhara, na Wamisri wakafunga mlango: vitu vya Tutankhamun havikutoka tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Vilipoanza kutoka upya, kinyago kilibaki nyumbani. Maonyesho ya Paris ya 2019, yaliyoingiza watu zaidi ya milioni 1.4, hayakuwa nacho. Ukikiona mahali pengine popote nje ya Misri siku hizi, ni nakala.

Na maiti ya Ramses?

Nayo haipo. Iko Kairo, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Ustaarabu wa Misri. Ilihamishiwa huko usiku wa tarehe 3 Aprili 2021, kwa msafara wa wafalme na malkia 22, kila mmoja na gari lake lililopambwa, barabara zimefungwa. Kama watoto hawajaona picha za msafara ule, waonyesheni kabla ya safari. Utakuwa umemaliza nusu ya kazi.

Maiti yake iliwahi kusafiri mara moja, mwaka 1976, kwenda Ufaransa kutibiwa kuvu waliokuwa wanaila. Wafaransa wakaipokea uwanja wa ndege kwa heshima za kijeshi, kama anavyopokewa mkuu wa nchi. Kijana wako atakuonyesha picha ya pasipoti ya Ramses yenye uso wa maiti. Mwambie picha hiyo ilichorwa na watu wa mtandaoni miaka mingi baadaye.

Ni kwa ajili ya matibabu yale ndiyo Misri ilikubali jeneza lije Paris. Nilidhani litakuwa la dhahabu. Ni la mbao za mwerezi, limepakwa rangi ya njano iliyofifia, mikono imekunjwa kifuani, uso umetulia. Wala halikutengenezwa kwa ajili yake. Wezi walipokithiri, makuhani walimtoa kaburini na kumhamisha mara kadhaa, wakamlaza humo, na wakaandika kwa wino mweusi juu ya kifua habari za kuhamishwa kwake. Maandishi yanaonekana wazi. Mama alisimama hapo muda mrefu akasema, "Mfalme mzima, kalala kwenye la kuazima." Mahujaji na masultani aliosikia habari zao maisha yake yote hawakumgusa kama mbao zile.

Mama mkwe wangu amesikia neno "mumia" na amegoma. Nimwambie nini?

Usimcheke, maana neno lenyewe ndilo limemtisha. Watu wa pwani tumekua tukitishwa na mumiani: watu wa usiku wanaokamata wapita njia na kuwanyonya damu itengenezwe dawa. Hata mimi nilipokuwa mdogo, gari lisilojulikana likisimama mtaani jioni, tulikuwa tunaingia ndani.

Maneno haya mawili ni ndugu. Asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, jina la lami nyeusi ya ardhini iliyotumika kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu. Watu walipoziona maiti za Misri zimekuwa nyeusi, wakadhani zimepakwa lami ile, wakazipa jina hilo. Kisha Wazungu wakaanza kuzisaga maiti zenyewe na kuziuza kwenye maduka ya dawa, na watu wakanywa, hadi karne ya 18. Kwetu pwani mumiani iliuzwa pia, kitu cheusi kama gundi, na wengi waliamini kabisa kwamba ni damu ya watu iliyoganda.

Nilimweleza mama hivyo tukiwa kwenye treni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe wanyonyaji wenyewe walikuwa huku." Akaingia bila shida.

Mtoto ataogopa?

Wetu wa miaka 6 hakuogopa jeneza hata kidogo. Kilichomliza ni paka. Ziara ya Ramses ina maiti za wanyama waliochimbuliwa Saqqara, eneo la makaburi ya kale karibu na Kairo, paka wakiwemo, wamefungwa vitambaa kama watoto wachanga. Aliuliza nani aliwaua. Jibu la kweli ni kwamba wengi walifugwa makusudi, wakauawa wakiwa wadogo, wakauzwa kwa mahujaji waliotaka kutoa sadaka hekaluni. Mimi nilisema tu "zamani sana, mwanangu", na sikujivunia jibu hilo. Kama una mtoto anayependa paka, panga jibu lako mapema.

Maonyesho mengine huleta maiti za watu kweli. British Museum iliwahi kuzungusha maiti sita pamoja na picha za skana zinazoonyesha mifupa na meno bila kufungua vitambaa. Hapo, tangulia wewe au mwenzio, uangalie chumba, kisha ndiyo uwaite watoto.

Waliwakaushaje?

Watoto watauliza hili kuliko yote, hivyo jiandae kwa utumbo. Ubongo ulitolewa kwa ndoana puani, ukatupwa, kwa sababu hawakuona kazi yake. Ini, mapafu, tumbo na matumbo vikatolewa ubavuni, vikakaushwa, vikawekwa kwenye mitungi minne. Moyo ukaachwa, maana ndio ungepimwa kwenye mizani kule akhera, upande wa pili ukiwa na unyoya.

Halafu mwili ukafukiwa ndani ya chumvi kavu siku kama 40, na kazi nzima hadi kufunga vitambaa vya kitani ikachukua 70. Chumvi hiyo inaitwa natroni. Niliposoma kibao nikamtafsiria mama, akashangaa sisi tunashangaa nini. "Si magadi hayo?" Ni magadi, ndugu wa damu. Ziwa Natron kule Arusha limepewa jina hilo hilo, na Ziwa Magadi upande wa Kenya halikai mbali nalo. Kile unachotia kidogo kwenye maharage yaive upesi ndicho, kwa magunia, kilichomkausha farao. Wanangu walikataa maharage wiki nzima.

Kuingia humo si ushirikina?

Tumeulizwa na Waislamu na Wakristo vilevile. Ninavyoona mimi, kuangalia sanamu nyuma ya kioo si kuiabudu. Mama ni mtu wa swala tano, na alikwenda na tasbihi yake. Alisema Kurani yenyewe inaelekeza watu watembee ardhini wakaangalie mwisho wa waliotangulia ulikuwaje. Kwa wale wenye mwiko wa mjamzito kuona maiti, mwulizeni mhusika mwenyewe, msimwamulie. Ziara ya Ramses haina maiti ya mtu wa kuonekana hata hivyo, labda hilo jeneza tupu ndilo limtie shaka.

Huyu ndiye Firauni wa Nabii Musa?

Biblia haimtaji Farao yule kwa jina lake, wala Kurani. Wengi wanamtaja Ramses wa Pili kwa sababu kitabu cha Kutoka kinataja mji wa Ramesesi, na kwa sababu filamu zimempa jina hilo. Wanahistoria hawajakubaliana, na hakuna maandishi ya Misri yanayoeleza kisa hicho. Aliyekuwepo kweli ni mfalme aliyetawala miaka 66 hivi, kuanzia 1279 KK, akapata watoto wapatao 100, na akajaza nchi nzima sanamu zake.

Kwa Kiswahili "firauni" ni tusi. Mwanangu mkubwa alishituka kuona jina hilo limeandikwa kwa heshima kila ukuta.

Watoto wa umri gani, na tukae muda gani?

Kuanzia miaka 6 au 7 anapata kitu. Chini ya hapo atapata giza. Taa hupunguzwa makusudi kwa sababu mwanga unaharibu rangi, kitani na mafunjo, na chumba cha giza chenye sauti nzito kinamchosha mtoto mdogo.

Saa moja na nusu inatosha. Kosa letu la mara ya kwanza lilikuwa kuanza kusoma kila kibao kuanzia mlangoni. Tulipofika kwenye vito vya makaburi ya wafalme ya Tanis, mji wa kale wa Misri, ambavyo ndivyo vilivyotuleta, mdogo alikuwa amelala chini sakafuni na mlinzi anatuangalia. Siku hizi kila mtu anachagua vitu vitatu. Tunapita haraka, tunarudi kwa vile vitatu, na kila mtu anatueleza vyake. Basi.

Kata tiketi mapema mtandaoni, kwa sababu huwa na saa maalumu ya kuingia. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo nzuri. Alasiri ya mvua wakati wa likizo, kaeni nyumbani.

Kigari cha mtoto, chakula, baridi?

Uliza kama kigari kinaruhusiwa. Penye msongamano mara nyingi unaambiwa ukiache nje, kwa hiyo beba mbeleko. Chakula ndani hakuna. Kuna ubaridi, kwa sababu hewa inadhibitiwa kwa ajili ya vitu, wala hakuna anayeifikiria miguu ya bibi. Mama alijifunga kanga mbili juu ya koti. Viti ni vichache. Ukiona benchi, mkalishe mzee kwanza, picha baadaye.

Tunaruhusiwa kupiga picha?

Mara nyingi ndiyo, bila mwako wa flashi. Kibao cha mlangoni kitakwambia.

Ile miwani ya uhalisia pepe ina maana?

Ziara ya Ramses ilikuwa nayo: unakaa kwenye kiti kinachotikisika, unavaa miwani, unapelekwa hekalu la Abu Simbel na kaburi la Nefertari, mke wa Ramses. Ni tiketi ya ziada. Mkubwa wetu anaizungumzia mpaka leo. Mimi nilipata kichefuchefu. Kama bajeti ni ya kubana, hiyo ndiyo ya kuacha, ingawa mwanangu akisoma hapa atanuna.

Bibi hajui lugha ya vibao. Si atachoka bure?

Ndiye wa kumpeleka! Mama alipokuja tena mwaka uliofuata, tulimpeleka kwenye maonyesho madogo ya vitu vya nyumbani vya Misri ya kale, hayana mfalme wala dhahabu. Sisi tulikuwa tunasoma vibao. Yeye alikuwa anatambua vitu.

Kulikuwa na kitanda: fremu ya mbao, miguu minne iliyochongwa, katikati kamba zimesukwa. "Hiki nani kakileta? Hiki cha kwetu." Akawaonyesha wajukuu kwa vidole vyake jinsi kamba inavyopita juu na chini, na jinsi inavyolegea katikati mtu mzito akilala miaka mingi, ukaikaza upya. Na kweli, kamba za kile kitanda zilikuwa zimebonyea katikati. Tulikuwa tumesimama pale dakika tano na hakuna aliyekuwa ameliona hilo.

Mbele kidogo, kichupa kilichochongwa kama shina la mtete, na kijiti chembamba kando. Nilikuwa naanza kusoma kibao. Mama akafungua mkoba wake, akatoa kichupa chake cha wanja wa manga, akakisogeza kwenye kioo, vikawa sambamba, kijiti kwa kijiti. Mlinzi alikuja mbio akidhani anataka kugusa. Alipoona, alicheka, akamwita mwenzake aje aone.

Kwa hiyo usimtafsirie bibi kila neno. Mwache atangulie, watoto wamfuate.

Misri ya kale ina uhusiano gani na sisi wa Afrika Mashariki?

Vijana huuliza hili, na watu wazima hujibu kwa kutia chumvi. Vyenye uhakika vinatosha. Mto Nile, uliowalisha, unapokea maji kutoka Ziwa Victoria na nyanda za juu za Ethiopia. Mafuriko yao ya kila mwaka yalitokana zaidi na mvua za Ethiopia. Malkia Hatshepsut alituma merikebu nchi ya Punt, na ukutani kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari wamechorwa watu wakipakia miti ya uvumba na mizizi yake ndani ya vikapu, pamoja na nyani na dhahabu. Utafiti uliofanywa kwenye maiti za nyani, uliotoka 2020, unaelekeza Punt iwe kwenye eneo la Eritrea, Ethiopia na Somalia. Hiyo ni Pembe ya Afrika, si Kilwa wala Zanzibar. Kwa upande wa kusini yao, wafalme weusi wa Kushi kutoka Sudan ya leo waliwahi kuitawala Misri yote, nasaba ya 25, na sanamu zao ziko kwenye makumbusho mengi. Kijana anayetaka kujiona ukutani aanzie kwa Taharqa, mmoja wa wafalme hao.

Duka la kutokea je?

Limewekwa mlangoni ili usiweze kulikwepa. Wape watoto kiasi kabla hamjaingia, na usibadilishe. Kitabu cha picha cha maonyesho ni ghali lakini ndicho pekee tunachokifungua hadi leo. Mdogo alichagua paka wa plastiki, akamfunga bandeji akiwa kwenye treni.

Niko Dar au Mombasa, yatafika lini?

Miji niliyoitaja hapo juu ndiyo ziara ya Ramses ilikopita hadi mwaka 2025, na Afrika Mashariki haimo. Lakini wewe una njia fupi kuliko yetu: Kairo. Kwa siku tatu unaona Giza na makumbusho mapya, makumbusho ya zamani ya uwanja wa Tahrir, na maiti ya Ramses mwenyewe, ambayo sisi wa Paris tuliikosa. Mama ameshaanza kuulizia nauli. Anasema jeneza kaliona, sasa anataka kumwona mwenyewe.